Jana Ulikula Nini?

Katika kadi ya kliniki ya mjamzito, safu isiyokosa kujazwa ni ya uzito. Presha hurukwa siku mashine ikiharibika, wingi wa damu huachwa vitendanishi vikiisha, lakini mzani upo siku zote. Unavua kandambili, unapanda, unashuka, namba inaandikwa, anaitwa mwingine. Nimebeba mimba mbili zilizopishana miaka 11, ya kwanza Muheza mkoani Tanga, ya pili Dar es Salaam, na kadi zote mbili ninazo hadi leo. Mtu akizitazama harakaharaka hawezi kujua kwamba katika mimba moja nilikuwa napungukiwa na katika nyingine nilikuwa nazidisha, kwa sababu zote zinaonyesha kitu kimoja: kilo zinapanda. Aliyenifundisha kuzisoma ni muuguzi mmoja aliyekaribia kustaafu, kwa swali la maneno matatu ambalo halina hata kisanduku chake kwenye kadi.

Mwaka 2010 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kisicho mbali na Muheza mjini. Nilikuwa mwembamba tangu utotoni. Kwa kuwa nilipimwa afya nilipoajiriwa, nilizijua namba zangu za kabla ya mimba: kilo 46, urefu sentimita 160. Wengi hawana bahati hiyo. Wanapanda mzani wa kwanza mimba ikiwa na miezi minne au mitano, na uzito walioanza nao haujulikani tena. Kwetu pwani mimba changa haitangazwi. Mpaka tumbo lijitangaze lenyewe, mwanamke anajikausha kimya, na kliniki ni mahali pa kuonekana na watu. Nami nilifika mwezi wa tano.

Siku ya kwanza nilihudumiwa na muuguzi kijana mwenye foleni hadi nje ya mlango. Alinisimamisha ukutani penye alama za urefu, kwa kuwa mama aliye chini ya sentimita 150 huangaliwa zaidi wakati wa kujifungua. Mzani ukasoma 49. "Vizuri, unaongezeka," akasema, akanipa vidonge vya kuongeza damu na kuniagiza mwezi ujao nije na mwenzangu kwa vipimo vya wenza. Nilitoka nimefurahi.

Mwezi uliofuata tulikwenda wawili. Wanaokuja na waume zao huitwa mapema, basi hatukukaa sana kwenye benchi. Ndani tulimkuta sista mtu mzima, miwani imeshuka puani. Alipima, akaandika, kisha akafanya jambo ambalo yule wa kwanza hakupata nafasi ya kulifanya: akarudi kusoma mistari ya nyuma.

"Kabla ya mimba ulikuwa na kilo ngapi?"

"Arobaini na sita."

"Mwezi uliopita 49, leo 50. Na damu 9.4." Akaweka kalamu chini. "Haya mama, jana ulikula nini? Anzia ulipoamka."

Nikaona ni swali jepesi. Asubuhi chai ya rangi na maandazi mawili. Saa nne shuleni, chai tena na kipande cha muhogo. Mchana ugali na matembele. Usiku ugali na samaki.

"Samaki kipande gani?"

Nikasita. "Mchuzi, sista."

Akamgeukia mume wangu. "Baba, kwenu anapakua nani?"

"Mama."

"Na vipande vinakwenda wapi?"

"Sinia letu ndilo linatangulia, sisi wanaume na watoto wa kaka." Akaanza kucheka, kisha akaona sista hacheki.

"Basi mwanao anakula mchuzi," sista akasema, akaanza kuandika pembeni mwa kadi, mahali pasipo na mstari.

Alichokiona mama yule katika namba zangu nilikuja kukielewa vizuri baadaye, nilipopata kusoma. Kilo za ujauzito hazina maana mpaka ujue mwanamke alianzia wapi. Mwaka 2009 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa viwango vinavyotumiwa leo katika nchi nyingi, na vyote vinaanza na uwiano wa uzito na urefu wa mama kabla ya mimba, ule wahudumu wanaouita BMI. Aliye chini ya 18.5 anatakiwa aongeze kilo 12.5 hadi 18 mimba nzima. Aliye kati ya 18.5 na 24.9, kilo 11.5 hadi 16. Wa 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5. Na wa 30 kwenda juu, kilo 5 hadi 9. Mimi kwa kilo 46 nilikuwa na uwiano wa 18 kasoro kidogo, maana yake nilihitaji kuongeza karibu nusu kilo kila wiki tangu mwezi wa nne. Nilikuwa naongeza kilo moja kwa mwezi. Kwa hiyo neno "unaongezeka" lilikuwa kweli, na wakati huohuo lilikuwa limeficha tatizo.

Kilo hizo haziwi za mtoto peke yake, na hapa ndipo wengi wetu tunapokosea hesabu. Mtoto anachukua tatu na ushee. Kondo la nyuma halifiki kilo moja. Maji ya uzazi na mji wa mimba uliokua, kila kimoja karibu kilo. Damu ya mama inaongezeka kwa kilo moja na nusu hivi, matiti yanajaa, mwili unashika maji, na kilo kama tatu ni mafuta ya akiba yatakayogeuka maziwa. Mama akikosa kilo, mwili wake huanza kukopa kwenye akiba yake mwenyewe, na akiwa hana akiba, deni linamfikia mtoto: anazaliwa chini ya gramu 2,500, na mtoto wa namna hiyo huanza maisha akiwa nyuma ya wenzake kwa kinga na kwa ukuaji.

Sista alitaka kuonana na mpakuaji. Wiki iliyofuata mama mkwe alikuja kliniki amejitanda kanga mpya, na alikuja na hoja. "Mwanangu huyu ni mwembamba, nyonga zake ndogo," alisema. "Akila sana mtoto atakuwa mkubwa, atapasuliwa. Na mayai ndiyo kabisa, mtoto atatoka hana nywele." Nilitazama chini. Nilitegemea sista amkemee, kama nilivyosikia wajawazito wengine wakikemewa pamoja na mama zao.

Hakumkemea. Alimuuliza alijifungulia wapi watoto wake. Mama mkwe akasimulia: nyumbani kwa mkunga, na mmoja wao njiani kuelekea hospitali, enzi ambazo gari likitafutwa usiku linapatikana asubuhi. Nikamsikiliza kana kwamba ninamfahamu siku ile. Mahali ambapo upasuaji uko mbali, mtoto mkubwa anaweza kumuua mama yake, na kumpunguzia mjamzito chakula ilikuwa njia ya kumwokoa. Woga wake ulikuwa na sababu. Sista alimwambia tu kwamba sasa kuna gari la wagonjwa, na kwamba mtoto aliyenyimwa chakula tumboni haji na nyonga pana kwa mama yake, anakuja na udhaifu wake mwenyewe. Kisha akasema, "Mayai tuyaache, mama. Dagaa je?"

Dagaa hawakuwa na mwiko. Kunde hazikuwa na mwiko, wala karanga, wala maziwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sista aliinama: aliliacha yai, ambalo lingemgharimu mazungumzo yote, akaondoka na vitu vinne. Tangu siku ile dagaa wakawa wanatwangwa na kutiwa kwenye matembele, mchicha ukawa unaungwa kwa karanga, na jioni mama mkwe akawa ananiwekea bakuli langu pembeni kabla sinia la wanaume halijatoka jikoni. Kipande cha samaki kilikuwemo. Siku tuliyochinja kuku alinipa paja, na firigisi ikaenda kwa baba mkwe kama desturi inavyotaka. Kuna mambo hata kliniki haiyawezi.

Upande wa damu kulikuwa na mengine. Mjamzito anahesabiwa kuwa na upungufu wa damu akiwa chini ya 11, na mimi nilikuwa na 9.4 huku nikimeza vidonge kila siku. Sista aliuliza navimeza na nini. Navimeza asubuhi, na chai. Akaguna. Chai ya rangi, hata iliyo nyepesi, ina vitu vinavyoshika madini chuma tumboni yasiingie mwilini, iwe ni chuma cha kidonge au cha mchicha. Vitamini C hufanya kinyume chake. Na mimi nilikuwa naishi Muheza, mahali ambapo machungwa msimu wake ukifika yanaoza chini ya miti! Agizo likawa kidonge usiku na maji, chungwa baada ya chakula, na chai isogee mbali na mlo kwa saa moja au zaidi. Alinionya pia kwamba choo kingekuwa cheusi ili nisiogope na kuviacha, kwani wanawake wengi huvitupa chooni kwa sababu hiyo au kwa kichefuchefu, kisha wakajibu kliniki kwamba wanameza.

Halafu akauliza, bila kubadilisha sauti, "Na udongo?" Nikacheka kwa aibu. Nilikuwa nao kwenye mkoba, ule uliochomwa unaouzwa sokoni kwa jina la pemba. Hamu ya udongo ni ya zamani na iko katika mabara mengi, na mara nyingi huandamana na upungufu wa damu. Tabu ni kwamba udongo nao huzuia chuma kufyonzwa, na unaweza kuja na mayai ya minyoo au madini ya risasi. Nisingelitaja kama nisingeulizwa. Kadi haina safu ya udongo.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za daktari Mwingereza, Lucy Wills, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kuchunguza aina ya upungufu wa damu uliokuwa ukiwaua wajawazito, hasa wafanyakazi maskini wa viwanda vya nguo. Wengi wakati huo walitafuta kijidudu. Wills naye alitafuta, hakukiona, kisha akalinganisha vyakula vya wanawake wa hali mbalimbali, akakuta walio wagonjwa zaidi ndio wenye mlo duni zaidi. Alijaribu kuwapa Marmite, ile siagi nyeusi ya hamira iliyokuwa rahisi kuinunua, na damu ikapanda. Matokeo yake yalichapishwa 1931. Kiini alichokigundua kilitengwa baadaye kutoka majani ya spinachi, na mwaka 1941 kikapewa jina la asidi ya foliki. Ndiyo hiyo iliyomo ndani ya vidonge vya fefo tunavyogawiwa kliniki. Nilifurahi kusoma kwamba dawa yenyewe ilipatikana kwa daktari kuuliza watu wanakula nini.

Foliki ndiyo inayoonyesha pia mahali ambapo kliniki yetu inachelewa. Mfereji ambao hugeuka uti wa mgongo na ubongo wa mtoto hufunga siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama ni wajawazito. Usipofunga vizuri, mtoto anazaliwa na mgongo wazi. Utafiti mkubwa uliotangazwa Uingereza mwaka 1991 ulionyesha kwamba kina mama waliowahi kuzaa mtoto wa namna hiyo, wakimeza foliki kabla ya mimba nyingine, hatari hupungua kwa karibu robo tatu. Anayekuja mwezi wa tano, kama mimi, anakuta mlango huo umeshafungwa. Ndiyo maana tangu 2011 Tanzania inavitaka viwanda virutubishe unga wa ngano na wa mahindi. Lakini sembe na dona nyingi za vijijini zinasagwa kwenye mashine za mtaani, na virutubishi hivyo havifiki huko. Kwa hiyo binti anayepanga kuzaa anafaa aanze foliki mapema, asisubiri kadi.

Kuna dada mmoja niliyezoea kukaa naye kwenye benchi, mimba zetu zikiwa za umri mmoja. Mwishoni mwishoni alinenepa ghafla. Uso ukajaa, pete ikambana kidoleni, na benchi zima likamsifu: amenawiri, mume anamtunza. Katika wiki moja alikuwa ameongeza kilo mbili na zaidi. Sista alipoona namba ile hakumsifu. Alimuuliza swali lilelile, na mlo wake wa jana ulikuwa wa kawaida kabisa, hakuna kilichoongezeka. Basi kilo hizo hazikutoka kwenye sahani. Akampima presha, akapima mkojo, akakuta protini, na siku ileile dada yule alipelekwa hospitali ya wilaya na dalili za kifafa cha mimba. Alijifungua salama, na mtoto wake alikuwa mdogo lakini mzima.

Tukio hilo nalirudia kila ninapokutana na mjamzito, kwa sababu kwetu unene ni heri na hakuna anayeutilia shaka. Kilo zinazopanda polepole ni chakula. Kilo zinazoruka ndani ya siku chache, hasa baada ya mwezi wa tano, huenda ni maji, na zikiandamana na kichwa kuuma, maluweluwe machoni, uso na mikono kuvimba au maumivu juu ya tumbo, hazisubiri tarehe ya kliniki. Lishe nayo ina mkono wake hapa. Wanawake wenye kalsiamu kidogo katika mlo wana hatari kubwa zaidi ya kupata tatizo hili, na kwa miaka mingi Shirika la Afya Duniani limependekeza gramu 1.5 hadi 2 za kalsiamu kwa siku kwa jamii za namna hiyo, dozi kubwa na ya gharama. Mapema 2024 yakatangazwa matokeo ya majaribio mawili yaliyofanyika India na Dar es Salaam, kila nchi wajawazito 11,000, yakionyesha kwamba miligramu 500 zinazuia tatizo hilo vizuri sawa na 1,500. Maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao viko upande huohuo.

Mimba ile ya kwanza niliimaliza na kilo 58. Ongezeko langu lilipungua kidogo tu kufikia kiwango cha chini, damu ilifika 11.2, na binti yangu akazaliwa na kilo 2.9 na nywele nyingi, jambo ambalo mama mkwe alilichukua kama ushahidi wa kuacha mayai.

Mwaka 2021 nilikuwa mtu mwingine. Nilikuwa nimeacha ualimu, nafanya kazi ya kukaa ofisini Dar es Salaam, mchana chips mayai au wali wa kuagiza, soda jioni kwenye foleni ya magari. Nilianza mimba ya pili na kilo 78. Urefu ulikuwa uleule, kwa hiyo uwiano wangu ulikuwa umevuka 30, na ongezeko langu lilitakiwa liwe kilo 5 hadi 9. Shangazi zangu hawakujua habari hizo. "Kula mwanangu, mko wawili," ndiyo ilikuwa salamu yao, na sahani ilifuata salamu. Ukweli ni kwamba miezi mitatu ya mwanzo mwili hauhitaji nyongeza yoyote ya maana, na hata miezi ya mwisho nyongeza ni ya kilokalori 450 hivi kwa siku. Huyo wa pili anashiba kwa bakuli la uji wa lishe na kipande cha samaki.

Kliniki, kijana mwingine, mzani mwingine: "Vizuri, unaongezeka." Mwezi wa sita nilikuwa nimeshaongeza kilo 8. Fikiria kilo 10 tu. Kwangu mimi wa Muheza zingekuwa pungufu, kwangu mimi wa Dar es Salaam zingekuwa nyingi mno, na kwenye kadi zingeandikwa vilevile. Hali hii si yangu peke yangu. Utafiti wa taifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2015–16 ulikuta wanawake wa Tanzania wa umri wa kuzaa 10% ni wembamba kupita kiasi, 28% wana uzito uliozidi, na 45% wana upungufu wa damu. Ukutani mwa kliniki moja wamepanga foleni wote watatu, na mara nyingine wawili kati yao wako ndani ya mwanamke mmoja, kwani unene hauzuii damu kupungua.

Safari hii niliitaja mwenyewe kilo yangu ya mwanzo, nikaandikiwa kipimo cha sukari. Ni asubuhi ya kukaa: unafika hujala, unatolewa damu, unakunywa gramu 75 za glukosi iliyokorogwa kwenye maji hadi meno yanauma kwa utamu, unatolewa damu tena baada ya saa moja na baada ya saa mbili. Kipimo kimojawapo kikifika 5.1 kabla ya kunywa, 10.0 baada ya saa moja au 8.5 baada ya saa mbili, una sukari ya ujauzito. Changu cha saa mbili kilikuwa 9.1. Nikapelekwa kwa afisa lishe, binti mdogo kwa umri kuliko mimi, na swali lake la kwanza lilinifanya nimkumbuke sista wa Muheza.

"Jana ulikula nini?"

Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. "Jana ipi," nikamuuliza, "ya mchana au ya usiku?"

Tukacheka, lakini jibu lilikuwa hapo. Nilikuwa sifungi, maana mjamzito anayehofia afya yake au ya mtoto ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye. Mchana nilikula milo yangu. Magharibi nilikaa kwenye futari na wenzangu, na futari ya kwetu mnaijua: viazi vitamu vya nazi, mihogo, tambi za sukari, kaimati, tende, uji wa pilipili manga, juisi ya ukwaju. Saa nne za usiku wali. Alikuwa na karatasi yenye makundi 10 ya vyakula ambayo wataalamu hutumia kupima mlo wa wanawake katika jamii, kwa kuuliza hilohilo la jana. Wanaofikisha angalau makundi 5 kwa siku wana nafasi nzuri zaidi ya kupata virutubishi wanavyohitaji. Sahani zote zile za futari, alipozigawanya, zilijaza kisanduku kimoja cha wanga na kingine cha tunda. Meza ilijaa na mlo ulikuwa mwembamba.

Hakuniambia nijinyime. "Hukuja hapa kupungua," alisema, "umekuja kupunguza mwendo." Mjamzito hafanyi dayati. Alichora duara: nusu mboga, robo wanga, robo maharage au samaki au yai. Futari ikawa tende moja, supu ya kuku au samaki, kipande kimoja cha muhogo, kachumbari na mboga, tambi na kaimati zikabaki za wageni. Juisi ikaacha sukari. Baada ya kula nilitembea mtaani na mume wangu kwa robo saa, na watu waliokuwa wakienda tarawehe wakatuzoea. Nilijipima kidoleni, nikilenga chini ya 5.3 asubuhi na chini ya 6.7 saa mbili baada ya mlo. Insulini haikuhitajika. Nilimaliza na nyongeza ya kilo 10, moja juu ya mpaka, na kijana wangu akazaliwa na kilo 3.3.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini kupima peke yake kunatutosheleza. Historia inatoa onyo. Katikati ya karne ya 20 madaktari wa Marekani waliwabana wajawazito wasiongeze kilo nyingi, wakidhani wanazuia kifafa cha mimba. Mwaka 1970 ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi nchini humo ikasema zuio hilo halina msingi na huenda linawaumiza watoto, ikapandisha kiwango. Uingereza nayo iliacha kumpima kila mjamzito uzito kila mara, baada ya kuonekana kwamba mzani peke yake unabaini kidogo na kuwatia watu wasiwasi. Wenzetu hao wana njia nyingine za kumfuatilia mtoto. Sisi mzani bado tunauhitaji, maana mara nyingine ndio kifaa pekee kinachofanya kazi. Lakini namba isiyoulizwa imetoka wapi haimlishi mtu.

Wauguzi wataniambia hawana muda, na kwa foleni nilizoziona siwalaumu. Hata hivyo karibu kila kliniki ina lile somo la asubuhi kabla huduma hazijaanza, ambapo tunaelezwa makundi ya vyakula huku tukisinzia. Nchi hii iliwahi kufanya vizuri zaidi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa mtindo huo. Vikundi vilisikiliza kipindi kisha vikajadili cha kufanya kijijini kwao. Somo la asubuhi lingeweza kuwa hivyo: mjamzito mmoja ataje alichokula jana, wengine wamwambie cha kuongeza kwa bei ya soko lao. Lile wazo la kutwanga dagaa nalitaja kama la sista, ila karanga kwenye mchicha nilifundishwa na mwanamke wa Pongwe aliyekaa kushoto kwangu.

Kwa mjamzito anayesoma hapa, kliniki ikiwa haikuulizi, nenda na majibu matatu. Taja uzito wako wa kabla ya mimba, au ule wa mapema zaidi unaoukumbuka, na uombe uandikwe juu ya kadi. Taja ulichokula jana, tangu ulipoamka, bila kukipamba, na useme ulikunywa nini nacho. Sema kama kuna kilo zilizokuja ghafla. Na ukiweza, siku hiyo nenda na anayepakua nyumbani kwenu, kwa sababu yeye ndiye anayeijaza safu ile ya uzito kabla muuguzi hajashika kalamu.